Kilichomo Tumboni mwa Sangara

Samaki watano walirudi Jumatatu, ndani ya boksi la viatu, kila mmoja amefungwa kipande chake cha gazeti.

Aliyewaleta alikuwa Yakobo, nahodha wa boti ya Mzee Rwekaza. Alizima pikipiki barabarani akaisukuma kwa mikono hadi mlangoni, maana aliijua desturi ya nyumba ile. Venant, mume wa Odeta, alikuwa mlinzi wa ghala huko Buzuruga. Usiku wa watu wengine ulikuwa kazi yake, na mchana wao ndio uliokuwa usiku wake. Majirani wa pale Buswelu walishazoea kushusha sauti wakipita dirisha lile.

"Shikamoo, mama Winnie."

"Marahaba. Karibu. Umeleta oda nyingine?"

Yakobo alimwekea boksi mapajani.

Odeta alifungua gazeti la kwanza, akafungua la pili, akaacha. Walikuwa samaki wake mwenyewe, samaki wa mti, aliowachonga na kuwapaka rangi mwezi wa pili kwa ajili ya Mzee Rwekaza, ambaye huwafunga kwenye mshipi na kuwaburuta nyuma ya boti ili sangara wadhani ni chakula. Ndoana zilikuwa bado kali. Vanishi iling'aa kama siku walipotoka mikononi mwake, na hapo ndipo moyo ulipomshuka. Sangara hana meno ya kuchoma. Kinywa chake ni kama msasa. Samaki wa mti aliyewahi kuumwa hurudi amekwaruzika ubavu mzima, na Odeta alikuwa amezoea kuwapokea hivyo, akawapaka upya, wakarudi kazini. Hawa hawakuguswa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu. Tumejaribu asubuhi, tumejaribu jioni. Mawe yote ya kule visiwani tumeyazunguka. Mzee anaandika kila kitu kwenye daftari lake."

"Amekasirika?"

"Angekasirika ningejua la kukwambia," Yakobo alisema. "Ila anaomba uje ziwani Jumatano, uone kwa macho yako."

"Nikaone nini? Mimi siyo mvuvi."

"Ndivyo alivyosema, mama. Nami nimefikisha."

Ni kweli hakuwa mvuvi. Katika miaka yake hamsini na sita, Odeta hakuwahi kumtoa majini samaki hata mmoja. Alichokijua alikijulia mezani. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha minofu, na ile kumi na miwili ya kwanza aliwekwa kwenye kutoa matumbo: buti za mpira, aproni, maji ya barafu hadi viwikoni, na sangara wakipita mbele yake kutwa nzima kama mizigo stendi. Wenzake walikata wakatupa. Odeta naye alikata akatupa, ila katikati ya kukata na kutupa alikuwa anatazama. Aliona walichokula. Zaidi ya kitu kingine chochote walikula furu, vile visamaki vipana vyenye mistari myeusi, wengine wa mkia mwekundu, wamelala humo tumboni wazima wazima kama watoto kwenye mkeka mmoja. Alijua sangara wa ukubwa gani humeza furu wa ukubwa gani. Alijua kwamba humuanzia kichwani. Hakuna aliyemuuliza habari hizo, naye hakumwambia mtu.

Samaki walipopungua, kiwanda kilipunguza watu, na Odeta alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alirudi nyumbani na cheti cha utumishi mwema na vidole ambavyo barafu ilishavila kwenye viungo. Mwaka uliofuata Yakobo alimletea Venant chambo cha dukani kilichovunjika, samaki wa plastiki aliyetoka ng'ambo, amgandishie kwa gundi. Odeta alikishika, akakigeuza huku na huku.

"Samaki gani huyu?" aliuliza. "Kwenye tumbo la sangara sijawahi kumwona."

Akachukua kipande cha ule mti mwepesi unaoota kwenye matope ya kando ya ziwa, ambao wavuvi huukata kuwa maboya, akachonga furu. Furu yule alimpatia Mzee Rwekaza sangara wa kilo thelathini na moja. Tangu siku hiyo, kwa miaka saba, Odeta alikuwa anachonga furu. Watu wa boti za kukodi waliagiza kupitia kwa Yakobo, huyu akitaka mkubwa, yule akitaka mwenye tumbo jekundu, lakini mteja wake hasa alikuwa yule mzee. Kila samaki alimtengenezea kwa kina anachotaka kuvulia na kwa mwendo wa boti yake.

Jumanne asubuhi Venant aliporudi kazini na kuanza kuvua viatu, Odeta alimwonyesha boksi.

"Nenda," Venant alisema baada ya kulitazama. "Ukibaki hapa utashinda unawaangalia hao."

"Mgongo unaniuma."

"Hata hapa utakuuma."

Akaingia kulala. Ndivyo walivyokuwa wakizungumza siku hizi, maneno machache mlangoni, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Hawakuwa wamegombana. Walikuwa wamechoka tu, tena kwa saa tofauti.

Jumatano aliwakuta Igombe, boti imeshaelea. Mzee Rwekaza alikuwa mhandisi wa barabara aliyestaafu, mwenyeji wa Muleba, mgane, mrefu na mwembamba, mwenye kofia pana na maneno ya kupima. Odeta alimwamkia. Yeye akavua kofia kwanza ndipo akaitikia.

"Marahaba, mama. Samahani kwa kukuchosha."

"Hapana, Mzee. Nimekuja."

Odeta alikuwa hajawahi kupanda kitu kidogo kuliko kivuko cha kwenda Sengerema. Alikaa katikati kama alivyoelekezwa, akashika ubao kwa mikono miwili, na kila wimbi lilipogonga alihisi limempiga kwenye uti wa mgongo. Walikwenda hadi kwenye visiwa vya mawe, Yakobo akapunguza mwendo, mzee akamfunga furu mwenye mkia mwekundu na kumwachia. Kisha wakaanza kuzunguka.

Walizunguka saa moja, wakazunguka ya pili. Jua lilipanda. Mbele ya Yakobo palikuwa na mashine yenye kioo kidogo, na mara kwa mara vitu kama nyusi vilitokea kwenye kioo kile.

"Hao ni samaki," Mzee Rwekaza alimweleza. "Wapo. Usidhani ziwa limekauka. Njoo huku nyuma, utazame."

Odeta alijikongoja hadi nyuma ya boti. Mzee alikuwa amefupisha mshipi, na pale maji yalipokuwa safi alimwona samaki wake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya kazi. Siku zote alimjaribu kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, hatua mbili kwenda, hatua mbili kurudi. Hapa alikuwa anaogelea kweli, anatikisa mkia, anainama na kuinuka, na Odeta akahisi kitu cha fahari ambacho hakukitegemea. Ndipo kivuli kikapanda kutoka chini. Kilikuwa kirefu kama mguu wa mtu mzima. Kilimfuata furu taratibu, kikamkaribia, kikaenda naye sambamba kwa muda wa pumzi tatu au nne. Kisha kikageuka kikaondoka, bila haraka, kama mtu aliyechungulia dukani akaona hawana anachotaka.

"Umeona," Mzee Rwekaza alisema.

"Nimeona."

"Hivyo ndivyo wanavyofanya. Kila siku."

 Alivuta mshipi, akamfungua furu, akamweka kwenye kisanduku kwa uangalifu mkubwa. Mahali pake alifunga chambo cha dukani, kirefu, chembamba, cha rangi ya majivu. Hawakumaliza mzunguko mmoja, fimbo ya kuvulia ikapinda.

Sangara yule alikuwa wa kilo tisa, labda kumi. Yakobo alimshikilia pembeni mwa boti kwa kitambaa kilicholowa, na mzee akamng'oa ndoana. Odeta alilitazama lile tumbo jeupe likipanda na kushuka. Mikono yake ilijua pa kuanzia.

"Mzee, naomba nimfungue."

"Kumfungua?"

"Nione alichokula. Sitachukua muda."

Mkono wa Mzee Rwekaza ulibaki mgongoni mwa samaki.

"Mama Winnie," alisema, "tangu mke wangu afariki sijaua samaki. Mwaka ule nilimzika yeye, nikamzika kaka yangu, nikazika na watoto wa watu. Nimezika wa kutosha. Sasa namtoa, namtazama, namrudisha. Naomba usinikasirikie."

"Sikukasirikii, Mzee."

Akamwachia. Sangara alikaa pale pale kwanza, kama aliyesahau njia, halafu akazama.

Odeta alirudi nyumbani nguo zimemkaukia na chumvi ya jasho. Usingizi wa mchana haukumjia. Aliwaza kwamba angeweza kuacha. Winnie, binti yake, aliyekuwa akifanya kazi maabara ya hospitali kule ng'ambo ya Sengerema, alishamwambia zaidi ya mara moja: mama, pumzisha mikono, uje ukae na sisi. Lingekuwa jambo jepesi kumwambia Yakobo kwamba mikono imekataa. Nusu yake ingekuwa kweli. Lakini kila alipofumba macho alikiona kile kivuli kikigeuka, na halikuwa jambo la kuachwa lipite hivi hivi. Alitaka kujua kilikuwa kinataka nini.

Alhamisi alidamka akachukua kisu chake cha kiwandani, kile chembamba ambacho ncha yake ilikuwa imeliwa na tupa, akaenda mwalo wa Kayenze, pale boti za wavuvi zinaposhusha samaki. Huko alikuwako Modesta. Walikuwa wamesimama meza moja kiwandani miaka minane, bega kwa bega, na walipunguzwa siku moja. Modesta sasa alinunua sangara kwa wavuvi, akawapasua palepale mchangani kutoa mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni, kisha akawauza kwa wenye majokofu.

Walisalimiana kwa Kisukuma, wakaulizana watoto, wakaulizana miguu. Odeta akaeleza shida yake. Modesta alimsikiliza huku kisu chake kikiendelea.

"Kwa hiyo wewe unataka matumbo."

"Nataka kuyachungulia tu. Sichukui kitu."

"Watu wote hapa macho yao yako kwenye bondo," Modesta alisema. "Bondo linakwenda Uchina, samaki mwenyewe amekuwa nyongeza. Wewe peke yako ndiye umekuja kutafuta uchafu. Kaa hapo."

Akamsukumia kreti la plastiki. Odeta alikaa, akaweka gunia miguuni, na Modesta akawa anamtupia matumbo kila anapopasua. Mwanzoni kisu kilikuwa kigeni mkononi. Baada ya matumbo matano mikono ilikumbuka, na baada ya kumi ikaanza kuuma kama zamani, maumivu yale yale, sehemu zile zile, kana kwamba yalikuwa yamekaa hapo mwaloni yakimsubiri.

La kwanza lilikuwa tupu. La pili tupu. La tatu lilikuwa na uji wa uduvi, vile vidudu vya maji vyenye miguu mingi, maelfu, vimegandamana kama pumba. La nne tupu. Tumbo tupu la samaki hujikunja kama soksi iliyovuliwa, na Odeta aliyafungua na kuyaweka upande mmoja, rundo likakua. Kiwandani matumbo matupu yalikuwa machache. Ukilipata moja ulimwonyesha mwenzako. Hapa zaidi ya nusu yalikuwa hivyo. Katika yaliyobaki kulikuwa na uduvi, na kulikuwa na dagaa kidogo, na kizibo kimoja cha soda. Halafu akaanza kuwakuta wale wengine. Samaki wembamba, urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo, rangi ya fedha yenye mawaa ya kahawia, jicho la dhahabu. Alimweka mmoja kwenye kiganja akamsuuza kwa maji. Alimjua mara moja ila hakutaka kumjua.

"Huyu ni sangara," alisema.

"Sasa ulidhani ni nani?" Modesta alijibu. "Wanakula watoto. Siku hizi ndiyo chakula chao. Kila mtu hapa mwaloni anajua."

"Hakuna aliyeniambia."

"Uliuliza?"

Odeta alichukua tumbo jingine. Aliendelea hadi saa sita, hadi Modesta alipomaliza samaki wake. Matumbo thelathini na manne. Ndani yake alipata furu wawili tu, na mmoja alikuwa ameshalainika asijulikane kama alikuwa na mistari. Miaka saba alikuwa amekaa nyuma ya nyumba akichonga samaki wa miaka ile ya kiwandani, akiwapaka rangi nzuri zaidi na zaidi, na huko majini meza ilishapanguliwa ikaandaliwa nyingine. Hakulia. Alinawa mikono ziwani kwa mchanga, na alipotaka kusimama magoti yalikataa. Modesta akamshika kwapani akamwinua.

"Umezeeka, mwenzangu," Modesta alisema.

"Na wewe je?"

"Mimi nilianza kabla yako."

Sangara wadogo watatu, wale ambao hawakuwa wameharibika, alikwenda nao nyumbani ndani ya chupa ya maji yenye chumvi, apate kuwatazama.

Kumchonga furu alikuwa hafikiri tena. Kisu kilikwenda chenyewe. Huyu mpya alimrudisha darasa la kwanza. Alikuwa mwembamba mno. Wa kwanza alipomtia kwenye pipa na kumvuta, alijigeuza tumbo juu, akakaa hivyo. Odeta alimwongezea tumboni kipande cha risasi, ile metali nzito. Wa pili alikwenda wima lakini alikwenda kama kijiti, hana uhai, hata kuku angemdharau. Odeta alimtupa kwenye jiko, akakaa akiangalia moto ukimla.

Kwa wa tatu alichukua siku nne. Alipasua mti katikati, akapitisha spoku ya baiskeli kutoka mdomoni hadi mkiani ili sangara mkubwa asimvunje, akahamisha risasi nyuma kidogo ya mapezi, akaunga tena kwa gundi na kufunga kwa uzi usiku kucha. Ulimi wa chini ya kidevu, ule unaomfanya samaki wa mti atikisike anapovutwa, alizoea kuukata mfupi na mpana. Safari hii aliukata mrefu na mwembamba, kutoka kwenye kioo cha plastiki cha taa ya pikipiki. Siku ya tatu, akiwa kwenye kusugua kwa msasa, kidole cha kati cha mkono wa kulia kilijifunga. Kilijikunja kikabaki vile, na kukifungua ilibidi akivute kwa mkono mwingine, na kila alipokivuta kilitoa mlio.

Venant alitoka nje saa tisa alasiri, ana taulo begani, akamkuta amekaa anakivuta. 

"Leta nisugue," alisema.

"Hujala."

"Nitakula. Leta."

Akakaa kwenye kigoda, akachukua samaki na msasa. Mikono yake ilikuwa mikubwa na mizito, lakini ilikuwa na subira ya mtu aliyezoea kungojea asubuhi. Alisugua polepole, akipuliza vumbi, akipitisha kidole gumba ubavuni.

"Huyu siyo yule wa siku zote," alisema.

"Ni mtoto wa sangara."

"Wa kumkamatia nani?"

"Sangara."

Venant alisugua tena kidogo. "Njaa haina ukoo," alisema.

Odeta alikuwa hajalisema neno hilo kwa mtu, lakini lilikuwa likimkaa kifuani tangu Kayenze. Sasa liliposemwa na mwingine lilipungua uzito. Walikaa pale hadi ikafika saa ya Venant kuoga. Hawakuongea mengi, ila ilikuwa zamani sana tangu wakae mahali pamoja, wote wawili macho, kwa muda mrefu hivyo.

Rangi aliipaka mwenyewe kesho yake. Fedha kwanza, halafu kahawia kwa kipande cha sponji, ikigusa na kuacha, mpaka mawaa yakatoka kama yale ya samaki wa kwenye chupa. Jicho alilifanya kwa ushanga wa njano na tone la rangi nyeusi ya kucha. Akampaka vanishi mara tatu. Alipomvuta kwenye pipa, samaki aliinama, akajinyoosha, akatikisa mkia kidogo kidogo, kwa woga, kama mtoto anayejua yuko mahali pasipomfaa. Odeta alimvuta mara moja tu. Aliogopa kumvuta mara ya pili.

Yakobo alipokuja kumchukua samaki huyo alisema, "Mzee anakukaribisha tena, mama. Jumamosi."

"Mwambie nimeshukuru. Nimechoka, Yakobo. Mchukueni mwende naye."

Jumamosi hakusikia kitu. Jumapili alikwenda misa ya kwanza akarudi, hakusikia kitu. Jumatatu alikwenda Kayenze, si kwa sababu ya kazi yoyote, bali kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kumemshinda. Modesta alimsogezea kreti na kuanza kumtupia matumbo.

Alikuwa kwenye tumbo la saba au la nane Modesta alipomgusa kwa kiwiko. "Kuna mzee wako kule. Anavyotembea utadhani mchanga utamuuma."

Alikuwa Mzee Rwekaza, amekunja suruali, viatu mkononi, Yakobo nyuma yake. Wanawake wa mwaloni walimpisha. Odeta alijaribu kusimama amwamkie, yeye akamwashiria abaki chini.

"Nimetoka kwako," alisema. "Mumeo amenielekeza huku. Samahani, tulimwamsha."

"Hana neno, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mama." Akatoa samaki wa mti mfukoni, akampa. Ndoana moja haikuwapo. Ubavu mmoja ulikuwa umebaki mti mtupu, rangi imesuguliwa yote, na Odeta akapitisha kidole pale.

"Wawili Jumamosi," mzee alisema. "Jana mmoja, na mwingine aling'oa ndoana. Si kama miaka ile. Lakini wanamchukua."

"Wamekuwa wachache, Mzee. Wenyewe wana njaa. Hebu tazama." Akamwonyesha rundo la matumbo matupu. Hakuwa amepanga kumwonyesha, ila kisu kilikuwa mkononi na rundo lilikuwa pale.

Mzee Rwekaza alichuchumaa. Ilimchukua muda kufika chini. Alitazama, akauliza lile ni nini, na lile, na Odeta akamweleza: hili tupu, hili uduvi, hili mtoto wake au wa jirani yake, nani ajuaye. Modesta akamtupia jingine, likaangukia karibu na mguu wa mzee, naye hakuusogeza.

"Nataka wengine sita," alisema baadaye, bado amechuchumaa. "Kama huyu."

"Sita siwezi."

Yakobo alimtazama Odeta. Katika miaka saba hakuwahi kumsikia akimkatalia mtu oda.

"Mikono yangu imechoka, Mzee. Nitakutengenezea wawili, na nitachukua mwezi mzima. Tena mvua zikianza nitarudi hapa nione wanakula nini, maana inawezekana wakawa wameacha na hawa. Sitaki tena kuchonga kwa kukumbuka."

Mzee Rwekaza alifikiri. "Wawili," alisema. "Mwezi mmoja. Ni sawa." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, kama anaweza kushika beseni la maji ya kusuuzia, kwa kuwa Odeta alikuwa analisogeza kwa mguu na lilikuwa linamwagika. Akashika. Alishika hadi samaki wa Modesta walipokwisha, uso ameugeuza pembeni kidogo kila kisu kilipoingia.

Mwaka ule Odeta alitengeneza samaki kumi na mmoja tu, wachache kuliko mwaka wowote. Watatu walikuwa watoto wa sangara wa mfano ule wa kwanza, wengine aliwabadilisha alipoona haja, na wawili hawakufaa kabisa, akakiri hivyo kwa waliowaagiza. Wateja kadhaa wa boti za kukodi walichoka kungoja wakaenda madukani. Kidole cha kati kiliendelea kujifunga, na Winnie alipokuja Krismasi alikitazama akamletea dawa ya kuchua, ikasaidia kidogo. Venant alisugua msasa alasiri, siku ambazo hakuwa amechoka mno, na siku alizochoka walikaa tu.

Mwalo wa Kayenze Odeta alikwenda mara moja kila mwezi. Modesta alizoea kumtunzia matumbo ya asubuhi kwenye ndoo yenye barafu, akimlalamikia kwamba nzi wamemjaa kwa sababu yake, na kwamba barafu siku hizi haipatikani ovyo. Odeta alikuwa anamsikiliza, anakaa kwenye kreti, anajifunga kitenge kiunoni, na kuanza na la juu kabisa.